Mfupa Unaongoja Kazi

Hogo la plasta lilipokatwa hospitali, mguu wa bibi ulitoka mwembamba na umepauka, ngozi imekunjamana kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji ya kufulia. Bibi aliutazama, akautazama na ule mwingine, akamwambia aliyelikata, "Huu si wangu. Mmenibadilishia." Yule kaka akacheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona usoni bibi, na sikuwa na uhakika kama anatania.

Bibi ni mama yake baba. Kwake ni Iyula, huko Mbozi, na tangu babu afariki anaishi peke yake na mibuni yake, mahindi yake, na kuku wasiotaka kulala bandani. Mwezi wa pili, mvua zikiwa kali, aliteleza nyuma ya jiko amebeba ndoo, mfupa wa muundi ukavunjika. Baba akamfuata, akatibiwa, kisha akaletwa kwetu Chapwa, hapa Tunduma, akapewa kitanda changu. Mimi nikahamia sakafuni kwenye godoro, chumba hicho hicho. Sikununa. Bibi huniita mke mwenzangu, kwa vile babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, na mtu huwezi kumnunia mke mwenzako ambaye mguu wake uko kwenye hogo.

Siku ile ya kukata hogo daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Akasema sasa aanze kuukanyagia, kidogo kidogo, na mkongojo, asikae tu. Baba akajibu, "Tumeelewa daktari, tunashukuru sana." Lakini tulipopanda gari alimwambia mama, "Hayo wanamwambia kila mtu. Huyu ni mtu mzima, atakanyaga nini?"

Jumapili iliyofuata baba alichinja mbuzi wa shukrani. Wakaja wazee wa kanisa na majirani, mpaka wale wanaodaiana salamu na mama walikuja. Watu walipokwisha kula, baba akasimama, akamshika bibi bega. Akasema, "Jamani, mbele yenu nyote, leo mama tumemtua jembe. Ametulea kwa jembe, amelima vya kutosha. Kuanzia leo kazi yake ni kula, kulala na kutuombea." Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi akatabasamu. Nilikuwa nagawa soda, nikaona nyama yake iko vile vile kwenye sahani.

Kwetu, neno la kumtua mzazi jembe si la mchezo. Likishasemwa mbele ya watu, limesemwa. Mzazi aliyetuliwa jembe akionekana ameshika ufagio, aibu si yake, ni ya mwanawe. Na ikifika kwa mkamwana inakuwa imeongezeka uzito njiani. Kwa hiyo mama yangu alihakikisha. Bibi alitolewa asubuhi akawekwa kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, pale mlangoni, mto mgongoni na kitenge miguuni. Maji ya kunawa aliletewa, na chai vile vile. Akitaka kwenda chooni, mama alimshika huku na mimi huku, tukambeba karibu mzima mzima. Wageni wakipita wanasema, "Mama umetunzwa! Hawa ndio watoto." Mama yangu anainama kwa furaha. Na kweli alikuwa anamtunza. Sitaki mtu asome hapa adhani mama yangu ni mbaya.

Jioni moja niliwasikia baba na mama wakiongea sebuleni. Kuta zetu haziwezi kutunza siri. Baba alisema, "Kahawa zikifika kuiva kama bado hatembei mwenyewe, shamba nitamkodishia yule jirani wake wa chini, nyumba tufunge. Atabaki hapa moja kwa moja." Mama akasema, "Ni sawa." Niligeuza macho kitandani. Bibi alikuwa amelala chali, macho wazi.

Kesho yake akaniuliza, "Mke mwenzangu, mwaka huu kahawa zinaiva lini?"

Nikamwambia mwezi wa sita, kama kawaida.

Keshokutwa yake akaniuliza tena. Na siku iliyofuata, tena. Nikashindwa kujua kama amesahau kwamba ameshauliza au anauliza kama mtu anayechungulia saa.

Lakini mambo mengine yalikuwa ya kusahau kweli. Siku moja aliniita jina la shangazi, na nilipomrekebisha hakucheka, alikasirika. Alikuwa analala kitini saa nne asubuhi, kichwa kimedondokea kifuani. Chakula alikuwa anamega matonge mawili, la tatu analizungusha kwenye mchuzi kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa atoke. Ile mikono niliyozoea kuiona ikizungusha mashine ya kumenyea kahawa mpaka mimi nikiiangalia nachoka, sasa ilikuwa inatetemeka na kikombe. Mama akasema ni uzee umemshukia. Baba akasema bora tulimpumzisha mapema.

Sasa nije kwenye baiolojia, maana bila ile siku ningekuwa bado namletea maji ya kunawa.

Tupo kidato cha tatu na tulikuwa kwenye mada ya homoni. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, lakini madam wetu akitaka tuelewe kweli anaweka chaki chini na kuhamia Kiswahili. Alikuwa ameorodhesha ubaoni tezi zote, ya kwenye ubongo, ya shingoni, za juu ya figo, kongosho, na zile ambazo wavulana wa nyuma wakisikia lazima wakohoe. Akauliza, "Mnaona kuna kitu kimesahaulika?" Akajibu mwenyewe, "Mifupa. Na misuli."

Mmoja wa nyuma akadakia, "Madam, kwa hiyo hata paja la kuku lina homoni?"

"Lilipokuwa la kuku, ndiyo. Likifika kwenye sahani yako ni mboga."

Darasa likacheka mpaka madam mwenyewe akacheka. Kisha akasema maneno ambayo niliyashika, ingawa siyaandiki yote kama alivyoyasema. Alisema sisi tunauona mfupa kama nguzo ya nyumba, kitu kimesimama tu kimebeba bati. Lakini nguzo haijui kama ndani wamekula au wamelala njaa. Mfupa unajua. Ndani yake kuna chembe hai, na hizo zinatoa homoni inayosafiri kwenye damu mpaka kwenye figo, inaziambia fosfeti kiasi gani itupwe na mkojo na kiasi gani ibaki. Mfupa unaipa figo maagizo! Kuna nyingine inaitwa osteokalsini. Kwa panya imeonekana inalisaidia kongosho kushughulikia sukari, na hata inagusa kumbukumbu. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, akasema, msije mkatangaza mtaani. Misuli nayo, kila ikikunjwa na kukunjuliwa, inamwaga damuni vitu vya kupeleka habari, vinafika kwenye ini, kwenye mafuta, kwenye mfupa wenyewe, vingine inasemekana hadi ubongoni.

"Na mtu akikaa tu?" Aliyeuliza ni msichana wa mbele, anayeuliza kila kitu.

"Akikaa tu, habari zinapungua. Misuli inanyamaza. Mfupa nao unajengwa kwa kubebeshwa uzito. Usipobebeshwa mwili unaona, aa, huyu hana kazi, unaanza kuumega."

Halafu akashika chaki. "Ila mkiulizwa kwenye mtihani mtaje tezi, tajeni za kitabuni. Ukiandika mfupa unaweza kukoseshwa, na mimi sitakuwepo kukutetea."

Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa namwona bibi kwenye kiti chake, kitenge miguuni, na ndani ya ule mguu uliopauka kuna mtu anataka kusema jambo na hakuna anayempa nafasi. Najua sayansi si hivyo. Lakini ndivyo nilivyoona.

Nilitaka kumuuliza madam nikaogopa. Mimi ni mtu ambaye jibu analijua, akiitwa asimame, sauti inabaki kwenye dawati. Nilizunguka na hilo swali wiki nzima. Mwishowe nilijitolea kubeba madaftari ya darasa kupeleka ofisini kwake, na nilipoyaweka mezani sikuondoka. Akanitazama. "Una shida gani?"

Nikamweleza mbio mbio nikiangalia daftari la juu.

Akauliza, "Hospitali wamesemaje, mfupa umeunga?"

"Umeunga. Wamesema aanze kukanyaga."

"Basi mfupa wake unangoja kazi. Lakini nisikilize vizuri. Sijasema homoni ni dawa ya uzee, wala sijasema bibi akitembea atarudi msichana. Kuna mambo hatuyajui. Fanya walichosema hospitali, taratibu, awe na kitu cha kushikilia. Akisikia maumivu makali, acha, mwambie mkubwa." Kisha akaongeza, "Na wewe jifunze kuongea ukiniangalia mimi. Daftari halijibu."

Siku hiyo nilipofika nyumbani mama akaondoka kwenda kwenye biashara yake ya mchele karibu na mpaka, maana hungoja nitoke shule bibi asibaki peke yake. Anarudi jioni, na akichangamka sana utamsikia anatusalimia sisi "mulishani", ile habari zenu ya Wazambia, kama vile sisi ni wateja waliovuka mpaka kununua mchele. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Nikamwambia bibi tufanye mazoezi. Nikamwonyesha: unakaa kwenye kiti, unaunyoosha mguu, unauinua, unaushusha.

Bibi akaniangalia kama niliyemletea ugali bila mboga. "Niuinue, niuweke wapi?"

"Huuweki popote bibi. Unauinua tu, halafu unaushusha."

"Sasa kama naushusha, kwa nini niuinue?"

Nikajaribu kumweleza mambo ya misuli kupeleka habari. Akasikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni, akafumba macho akalala. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaniambia wazi, "Mke mwenzangu, wewe umetumwa na nani kunichezesha?"

Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Bibi hajawahi katika maisha yake kuinua kitu chochote bila sababu. Ukimwambia ainue mguu, ni upuuzi. Ukimwambia nguo zinalowana, atainuka na huo mguu bila kukumbuka kama anao.

Basi nikaacha mazoezi. Nilianza kufua nikiwa nimeweka beseni karibu na kamba, nikalalamika kwa sauti kwamba mikono yangu imejaa povu na hakuna wa kuanika. Bibi akajibu, "Lete hapa." Nikampa mkongojo, nikasimama nyuma yake karibu sana, akasimama, ameshika nguzo ya kamba kwa mkono mmoja na shati la baba kwa mwingine. Alianika shati, akaanika na soksi, akatulia kuhema. Mguu ulikuwa unatetemeka. Akasema, "Umefua vibaya kola hii." Akakaa.

Kesho yake zikawa nguo mbili zaidi. Baadaye vyombo, amesimama kwenye meza ya jikoni ameegemeza nyonga. Baadaye kufagia sebule kwa fagio la mpini mrefu, chumba kwanza nusu, kisha chote. Kila siku kabla mama hajarudi namkalisha kitini, namfunika kitenge, namfuta jasho. Tulikuwa kama wezi wa nyumba yetu wenyewe. Bibi aliipenda hiyo sehemu kuliko kazi. Mlango wa nje ukilia ananong'ona, "Mkamwana wetu huyo!" ananyoosha mgongo, anaweka sura ya mgonjwa. Nilicheka mpaka nikalala chini.

Sitasema ni homoni. Madam angeniambia mtu mmoja si utafiti. Huenda ilikuwa ni ule utani tu, au ni kule kutumwa na kutuma. Ninachojua ni kwamba matonge yakawa mengi. Mchana akaacha kusinzia, akawa anasinzia saa za kusinzia. Jina la shangazi likabaki kwa shangazi. Na akaanza kunitukana vizuri, yale matusi yake ya mapenzi ya Kinyiha ambayo mama hataki niyatafsiri. Mama alifurahi, akamwambia baba, "Unaona? Kupumzika kumemsaidia." Nikainamia sahani yangu.

Kisha ikaja Jumamosi ya shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, anaishi Vwawa, na huwa hapigi simu akija. Siku hiyo alikuja na akina mama wawili wa kanisani kwake kumwona mgonjwa. Mama alikuwa kwenye biashara, baba yuko forodhani anakohangaikia mizigo ya watu. Bibi alikuwa ametaka karanga za kutia kwenye mboga, akadai mimi nikitwanga nazipiga kama nina ugomvi nazo. Kwa hiyo alikuwa amesimama kwenye kinu uani, ameegemea ukuta, anatwanga taratibu kwa mikono yote miwili, shingo inang'aa jasho. Na mimi, kwa vile nilikuwa na kazi ya hesabu na kiti kilikuwa wazi, nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Na mto mgongoni.

Sikuusikia mlango. Nilisikia, "Yesu wangu!"

Nilisimama madaftari yakadondoka. Shangazi alikuwa ameshika kichwa. "Mtoto amekaa, bibi anatwanga! Kwenye nyumba ya mdogo wangu! Mama, weka mtwangio huo chini!"

Bibi akatwanga mara nyingine, akachungulia ndani ya kinu. "Bado hazijalainika."

"Mama!"

"Shikamoo hujui siku hizi? Umeingia unapiga kelele kama mnada."

Wale akina mama wawili wakapiga magoti kusalimia, lakini macho yao yalikuwa kwangu. Shangazi alimkalisha bibi, akanigeukia akasema maneno mengi, na mimi nikaokota madaftari yangu moja moja. Mama aliporudi na gunia tupu begani alimkuta shangazi amesimama mlangoni. "Karibu wifi," mama akasema kwa furaha.

"Wifi, ndivyo mnavyomfanya mama yetu? Mbuzi mlichinja wa nini? Mlimtua jembe mkamtwika mtwangio?"

Mama alinitazama mara moja tu. Nikaona amejua, na nikaona aibu imemwingia mbele ya wale wageni, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko maneno yote ya shangazi. Aibu yenyewe ilimfikia yeye, ambaye hakufanya lolote.

Baba alirudi jua bado lipo. Wageni wakaondoka kuwahi gari la Vwawa, shangazi akabaki. Tukakaa sebuleni, na bibi kwenye kiti chake kimeingizwa ndani. Shangazi akaeleza. Baba hakufoka. Akauliza tu, "Nani alimpa mama kazi?"

"Mimi," nikasema. Nadhani sikusikika, maana akauliza tena.

"Mimi, baba."

"Kwa nini?"

Nilikumbuka daftari halijibu. Nikanyanyua macho, nikayaweka kwenye kifungo cha shati lake, huko ndiko nilikofika. Nikasema daktari alisema akanyage. Nikasema mfupa si mti, una kazi ya kupeleka habari mwilini, kwenye figo na kwingine, na misuli pia, na mtu akikalishwa zile habari zinapungua, mfupa unaliwa. Nikachanganya. Nikataja panya, shangazi akasema, "Sasa mama ni panya?" Kisha nikasema kitu ambacho sikukipanga. "Baba, yale malori yanayolala foleni kule Mpemba yakingoja kuvuka mpaka. Wewe mwenyewe husema lori likikaa sana linaharibika kuliko linalotembea. Betri inakufa, tairi zinakaa upande. Na hakuna aliyeligusa."

Baba akakuna kidevu. Kwenye mambo ya malori hawezi kubisha, ndiyo kazi yake.

"Mama si lori," akasema, lakini taratibu.

"Mimi je?" Mama yangu akaingilia. "Mtoto ana elimu yake, sawa. Lakini kesho wale akina mama watasema nini? Hawatasema baba fulani. Watasema yule mkamwana wa Chapwa anamtwangisha mkwewe. Ni mimi nitakayesemwa."

Baba akaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli.

Ndipo bibi akakohoa. "Mtoto anasema mfupa wangu una maneno," akasema. "Labda. Mimi sijausikia. Lakini mimi mwenyewe nina maneno, na hakuna aliyeniuliza. Siku ya mbuzi mlisema mmenitua jembe. Nani alilalamika kwamba ni zito?"

Akakitoa kitenge miguuni, akakikunja.

"Mkanikalisha hapo mlangoni. Watu wanapita wananisalimia kama maiti nzuri. Mnasema natunzwa, ndiyo, natunzwa. Wewe binti," akamgeukia mama, "mkono wako ni mwepesi kuliko wa mwanangu huyu anayepiga kelele. Hilo nitalisema kanisani ukitaka. Lakini mimi nataka kwenda kwangu kahawa zikiiva. Na hamtanibeba, maana hamtaweza. Kile kilima mnakijua."

Shangazi alianza kusema kitu, akaishia kufuta macho kwa ncha ya khanga. Sikujua baba ameamua nini, na siku ile hakusema. Alisema tu chakula kiletwe.

Kesho yake Jumapili, gari la kukodi ambalo huwa linampeleka bibi kanisani halikuja. Nilidhani dereva amechelewa. Baba akatoka na suti yake, akampa bibi mkono. "Twende, mama." Wakaanza kutembea, barabara ya mtaa, watu wote wanawaona. Mama na mimi nyuma. Bibi alipumzika kwenye benchi la duka, wakaendelea. Alipumzika tena getini. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye alikula mbuzi wetu vizuri tu, akasema, "Ee bwana, si mlimtua mama jembe?"

Baba akajibu, "Jembe tulimtua. Miguu hatukumtua."

Mama alicheka kwa mshangao, akaziba mdomo. Na wale waliokuwa karibu wakacheka, na neno hilo likazunguka kanisani likafika kabla hata mahubiri hayajaanza. Sisemi watu hawakusema. Walisema. Lakini walikuwa na kitu kingine cha kusema pia.

Baada ya hapo hatukujificha. Bibi akawa anaanika, anafagia, anagombana na mama juu ya chumvi. Zipo siku mguu ulivimba jioni, tukamwacha akae, na baba akanilaumu kwa macho. Zipo siku mwenyewe hakutaka kuinuka. Nilimwambia madam, nikimwangalia, karibu machoni. Akasema vizuri, na uvimbe ukizidi mrudisheni hospitali. Hauzidi, nikamwambia. Hakuuliza zaidi, alikuwa anawahi kipindi.

Shule ilipofungwa mwezi wa sita, baba aliomba gari la rafiki yake tukampeleka bibi Iyula. Alikubali tujaribu, ndivyo alivyosema, tujaribu. Mimi nitakaa naye likizo nzima, na kama ikishindikana tutarudi naye na shamba litakodishwa. Huko baridi ilikuwa ya kweli, ukungu umelala kwenye mibuni mpaka saa nne. Gari huishia juu, kwenye njia kuu. Kutoka hapo ni kilima cha kushuka hadi kwake, njia nyembamba yenye mizizi, na hakuna pikipiki yenye akili inayoshuka hapo.

Bibi alisimama pale juu akaangalia chini. Matawi ya mwanzo yalikuwa na kahawa nyekundu, si nyingi, zimechanganyika na mbichi. Baba akasema, "Mama, nikubebe mgongoni, hakuna mtu wa kutuona." Bibi akasema, "Mimi nipo." Akaanza kushuka kwa ubavu, mguu mzima mbele, mkongojo, halafu ule mwingine. Baba akabaki juu amesimama na jiko la mkaa mkononi, kama hajui aliweke wapi.

Yule jirani wa chini alikuwa anapanda kuja kutupokea. Huyu ndiye angekodishiwa shamba, na alijua, nasi tulijua anajua. Akapiga goti. "Shikamoo mama. Tulisikia mjini wamekupumzisha."

"Marahaba. Nimepumzika, nimechoka kupumzika."

Jirani akamtazama baba kule juu. Baba akatikisa kichwa, hapana. Ilikuwa hivyo tu, ndiyo mazungumzo yote ya kukodisha shamba yalivyoisha, angalau kwa mwaka huu.

Katikati ya kilima mguu wa bibi ulianza kutetemeka, nikauona kupitia gauni. Nilikuwa na godoro kichwani. Nikasogea, nikatoa mkono.

"Usinishike," akasema, anahema. "Pita mbele ukafungue mlango, nyumba ipate hewa."

Nikapita. Nyuma yangu nikasikia mkongojo, mguu, mkongojo, mguu, kisha kimya cha kupumzika, kisha tena mkongojo, na sauti yake ikimuuliza jirani ni nani aliyemruhusu afunge mbuzi kwenye mibuni ya watu.